Kutoka stashahada hadi shahada: mwaka nilioruka

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Malindi aliyemaliza stashahada ya teknolojia ya habari aliniandikia barua pepe yenye swali fupi: "Kaka, nimekubaliwa na vyuo viwili. Kimoja kinaniingiza mwaka wa kwanza, kingine mwaka wa pili. Niende wapi?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Nikaanza tena, zikawa kurasa mbili. Basi nimeona heri niandike jibu hapa, maana najua hayuko peke yake. Swali hilo nililijibu mimi mwenyewe mwaka 2019. Nililijibu nusu vizuri na nusu vibaya, na ile nusu mbaya sikuilipa peke yangu.

Kwa wasionijua: mimi ni mwandishi wa programu, nina miaka 28. Nyumbani ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na siku hizi naishi na kufanyia kazi Kilifi. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Kabla yake nilikuwa na stashahada. Habari ya leo ni ya njia iliyo kati ya karatasi hizo mbili.

MTU WA C

Nilifanya KCSE mwaka 2014 nikapata C. Aliyesoma Kenya anajua maana yake. Ili KUCCPS ikupange kwa shahada unahitaji C+. Kwa stashahada C- inatosha. Kwa hiyo mimi nilikuwa juu ya mlango mmoja na chini ya mwingine. Kile kialama cha kujumlisha ambacho sikukipata kiliamua miaka yangu mingi iliyofuata.

Nikaingia taasisi ya ufundi hapa hapa pwani, stashahada ya mitihani ya KNEC, moduli tatu, pamoja na miezi ya mafunzo kazini. Nilimaliza 2018. Sijutii hata siku moja. Nilijifunza kufungua kompyuta na kuifunga bila kubakiwa na skrubu mkononi (tabasamu). Nilijifunza kuvuta nyaya za mtandao, kusimamisha seva ya Linux, kuandika PHP na kuiunganisha na hifadhidata ya MySQL. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake: "Ikiwaka, umefaulu." Ilikuwa elimu ya mikono na mikono yangu iliipenda.

Lakini aliyekulia Ngomeni ana tatizo moja, anaona mambo makubwa mapema. Ukisimama ufuoni kwetu unaona majukwaa ya San Marco ndani ya bahari. Waitalia walirusha setelaiti kutoka pale tangu 1967 hadi 1988. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo Wamarekani waliokuwa wenye setelaiti hiyo wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Baba yangu ni mvuvi, na majukwaa hayo huyaona kila akitoka asubuhi. Mimi nilikua nikijua kwamba mhandisi yupo, anafanya kazi karibu na kwetu, lakini anatoka mbali. Nilitaka siku moja atoke karibu.

RIPOTI ILIYOKESHA

Baada ya stashahada nilipata kazi Malindi katika hoteli moja ya ukubwa wa kati. Niliwaandikia programu ya kuweka bukingi za vyumba. Ilifanya kazi, wakanipongeza. Kisha meneja akaomba kitu kidogo: ripoti ya kuonyesha kama kuna chumba kilichowahi kuandikiwa wageni wawili kwa siku zile zile, kwa rekodi za miaka yote.

Nikaandika kwa njia niliyoijua. Chukua bukingi ya kwanza, ilinganishe na zote. Chukua ya pili, ilinganishe na zilizobaki. Na kila mara nilirudi kuiuliza hifadhidata upya. Nilipoijaribu kwa bukingi 50 ilimaliza kabla sijainua kikombe. Rekodi za kweli zilikuwa kama 6,000. Nikaiwasha saa nne usiku, nikaenda kulala. Asubuhi niliporudi ilikuwa bado inasaga, na kompyuta ya mapokezi imeganda, wageni wamepanga foleni.

Piga hesabu nami. Bukingi 6,000 ukizilinganisha mbili mbili unapata jozi karibu milioni 18. Hata kama kila swali kwa hifadhidata linachukua sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, hiyo ni sekunde 18,000, yaani saa tano. Na kompyuta ile haikuwa na mbio hizo.

Sikujua kwa nini. Hilo ndilo lililoniuma. Nilijua kwamba ni nzito, nikafikiri dawa ni kununua kompyuta mpya. Rafiki aliyekuwa anasoma chuo kikuu akaitazama dakika tano akasema, "Panga kwanza kwa chumba na tarehe ya kuingia, halafu linganisha kila moja na inayofuata tu." Nikamuuliza umejuaje. Akasema ni somo la mwaka wa pili. Usiku ule ndio nilioamua kurudi shule.

BARUA TATU NA NUSU

Mwaka 2019 nilikuwa na majibu matatu na nusu mkononi.

La kwanza lilitoka chuo kikubwa cha bara. Jina lake hata mashangazi zangu wanalijua. Kilinikubali, lakini nianze mwaka wa kwanza, miaka minne kamili. Stashahada yangu ilikuwa tiketi ya kupitia mlangoni, basi. Ukishaingia haina kazi tena.

La pili lilitoka chuo cha hapa hapa pwani. Kilitazama transkripti yangu, kikanisamehe masomo ya mwaka wa kwanza na kuniingiza wa pili. Miaka mitatu.

La tatu lilitoka chuo binafsi kilichoniahidi mwaka wa tatu moja kwa moja. Miaka miwili, karo ya kutisha. Nilipopiga simu kuuliza wamenisamehe masomo gani, sauti ikanijibu, "Usijali, hayo tutayapanga ukifika." Nikajali. Hicho nikakiweka kando.

Ile nusu ilikuwa ya meneja wa hoteli. Alisema nikibaki ataniongezea mshahara.

Sitavitaja vyuo hivyo, wala nilichosomea, kwa sababu yaliyonipata yangeweza kunipata popote na mengi niliyataka mwenyewe.

Nyumbani tulikaa kikao. Mama, ambaye mahamri yake ya asubuhi yalinilipia karo ya sekondari, alisema niende chuo chenye jina, watu wataniheshimu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama ni pesa, ipo mashine."

Mashine ni ile ya mashua yake, ya farasi 15. Aliinunua baada ya miaka mingi ya kuvua kwa tanga. Kwa mvuvi wa Ngomeni mashine si chombo cha kuongezea tu. Ndiyo inayokuwezesha kwenda mbali na kurudi na samaki kabla barafu haijayeyuka na upepo haujakugeuka. Bei yake wakati ule ilikaribiana na karo ya mwaka mmoja pamoja na kodi ya chumba huko bara.

Nikasema hapana. Nikatoa daftari nikawapigia hesabu. Nikienda chuo cha pwani naingia mwaka wa pili. Miaka mitatu, siyo minne. Nina akiba ya hoteli, nitaomba mkopo wa HELB, nitafanya vibarua vya kutengeneza tovuti za nyumba za wageni Watamu. Mashine inabaki kwenye mashua. Hesabu ilitoka sawasawa hadi shilingi ya mwisho. Baba akatikisa kichwa, akaridhika. Mimi nikajiona mwerevu.

NGAZI ILIYO KWENYE KARATASI

Hapa nataka nitoke nje ya hadithi yangu kidogo, kwa sababu nimegundua watu wengi wanadhani kuingizwa mwaka wa kwanza au wa pili ni bahati tu.

Kenya ina sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, ya mwaka 2014. Ndani ya mfumo huo stashahada iko ngazi ya 6 na shahada ngazi ya 7. Kwa hiyo kwenye karatasi ni ngazi moja, unapandisha mguu mmoja tu. Lakini ni chuo kinachoamua kitakuhesabia masomo mangapi kati ya uliyoyasoma. Ndiyo maana transkripti ile ile moja ilipata majibu matatu tofauti.

Jambo moja hunichekesha. Vyuo vikuu vyetu vingi navyo vilianza chini vikapandishwa. Technical University of Mombasa ilianza kama MIOME, taasisi ya ufundi ya Waislamu iliyopokea wanafunzi mwaka 1951. Ikaja kuwa chuo kishiriki 2007, na chuo kikuu kamili 2013. Pwani University hapa Kilifi iko mahali palipokuwa taasisi ya kilimo, ikawa chuo kishiriki cha Kenyatta University mwaka 2007 na kupata hati yake 2013. JKUAT kule Juja ilianza 1981 kwa msaada wa Japani, ikatoa vyeti na stashahada kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 1994. Hakuna aliyeviambia vibomoe madarasa vichimbe msingi upya. Vilihesabiwa vilichokuwa nacho, vikaongezewa kilichopungua.

Kazini nina mwenzangu Mfaransa, tunafanya naye mradi mmoja kwa mtandao. Siku moja tulilinganisha njia zetu. Yeye alianza na DUT, stashahada ya ufundi ya miaka miwili ambayo kwao ilianzishwa 1966. (Tangu 2021 nafasi yake imechukuliwa na shahada ya miaka mitatu iitwayo BUT.) Alipomaliza akapeleka faili lake kwenye shule kadhaa za uhandisi, akaitwa kwa mahojiano, akaingia miaka mitatu ya uhandisi. Wenzake waliopitia madarasa ya matayarisho, yale ya kusoma hisabati na fizikia miaka miwili mchana na usiku, waliingia darasa hilo hilo. Wote miaka mitano, wote jina moja la mhandisi, ambalo tume yao iitwayo CTI inalilinda tangu 1934. Kwake swali lilikuwa achague shule ipi. Halikuwa shule itamnyang'anya miaka mingapi.

Nikamwambia basi ninyi mna raha. Akacheka. Akasema miezi ya kwanza wale wa DUT walikuwa wakitetemeka kwenye hisabati, na wale wa matayarisho wakitetemeka wakipewa waya na kifaa cha kulehemu. Shule yake ililijua hilo, kwa hiyo muhula wa kwanza waliotoka DUT walipewa saa za ziada za hisabati.

Niliposikia hivyo nilinyamaza kwa muda. Sasa nitawaambia kwa nini.

"KAMA MLIVYOONA MWAKA WA KWANZA"

Septemba 2019 nikaingia darasani mwaka wa pili. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Katika maabara wenzangu walikuwa wanahangaika kuunganisha hifadhidata, mimi nilishamaliza na natembea kuwasaidia. Waliniita "fundi". Nikajisemea, mwaka wa kwanza ningeufanya nini mimi?

Wiki ya pili likaja somo la algoritimu, lile lile nililolifuata. Mhadhiri akaandika ubaoni uthibitisho wa induksheni, akageuka akasema, "Kama mlivyoona mwaka wa kwanza." Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia.

Somo la uwezekano na takwimu likaanza na integrali. "Kama mlivyoona mwaka wa kwanza." Michoro ya kompyuta ikaja na matriksi. "Kama mlivyoona." Mwaka wa kwanza niliousamehewa ulikuwa na masomo ya programu, mtandao na utangulizi wa kompyuta, ambayo kweli niliyajua. Lakini ulikuwa pia na kalkulasi, aljebra ya matriksi, mantiki na seti. Kwenye stashahada tulikuwa na somo la hisabati, ndiyo, na nililifaulu. Ilikuwa hisabati ya kubadili namba za kompyuta na kutafuta wastani. Kwenye transkripti jina lilifanana na la chuo kikuu. Ndani ya jina kulikuwa na vitu viwili tofauti.

Kosa kubwa halikuwa la kutojua. Kosa lilikuwa kwamba sikusema. Ningeweza kwenda ofisini wiki ile ile nikaomba nikae na mwaka wa kwanza kwa saa za hisabati. Nilikuwa na miaka 22, naitwa fundi, na nyumbani nilishapiga hesabu ya miaka mitatu mbele ya baba. Nikabaki naitikia kwa kichwa.

Nikaanguka algoritimu. Nikaanguka uwezekano. Kabla ya kufanya sapu, Machi 2020, corona ikafunga vyuo vyote. Nikarudi Ngomeni, nikisomea kwa simu chini ya mwarobaini kwa sababu ndani ya nyumba mtandao haukufika. Sapu zilipokuja nikaanguka tena zote mbili. Na masomo hayo yalikuwa mlango wa mengine: bila algoritimu huingii hili, bila uwezekano huingii lile. Msajili akanionyesha kwenye kompyuta yake mpangilio mpya wa masomo yangu. Nilihesabu mihula kwa kidole. Mwaka niliouruka ulikuwa umerudi, umejipanga mwishoni.

Nilirudi kusoma ya mwaka wa kwanza mwenyewe. Binti mmoja wa Mtwapa, mdogo wangu kwa miaka mitatu, alinikopesha madaftari yake ya kalkulasi na kunieleza bila kunicheka. Miezi mitano hivi, kila jioni. Nilipofika kwenye induksheni nikaielewa kweli, niliona haya. Haikuwa ngumu kama nilivyoiogopa. Ilihitaji mtu akae nayo.

Mwaka 2021, likizoni, nikapita ile hoteli ya Malindi nikawaandikia upya ile ripoti. Nikaipanga kwanza, nikalinganisha kila bukingi na inayofuata. Ilimaliza kabla meneja hajakaa vizuri kwenye kiti. Alifikiri imekwama.

MASHINE

Mwaka 2022 ndio ulikuwa uwe mwisho. Akiba ilikwisha siku nyingi, vibarua vya Watamu vilikauka wageni walipokosekana wakati wa corona, na nilibakiza mwaka mzima. Nikaenda nyumbani kusema.

"Baba, umebaki mwaka mmoja."

"Si ulisema mitatu?"

"Nilisema."

Alikuwa anashona nyavu. Akaendelea kushona kama matundu kumi hivi. Kisha akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Hakuongeza neno. Juma lililofuata mashine ikanunuliwa na mtu wa Mayungu, na baba akaenda kuvua kwenye mashua ya mtu mwingine, kwa fungu, yeye aliyekuwa nahodha wa yake.

Nilimaliza 2023. Katika usaili wa kazi niliyonayo hakuna aliyeniuliza jina la chuo changu. Waliniuliza nieleze kwa nini kupanga orodha kabla ya kuitafuta kunaokoa muda, na inaokoa kiasi gani. Nikawasimulia habari ya hoteli.

Mwaka 2024 nilimnunulia baba mashine nyingine, ya mkono wa pili, ya farasi 8. Yeye anasema inatosha. Mimi najua ile ya kwanza ilimfikisha wapi, na hii haimfikishi. Miaka miwili ya kuvua kwa fungu siwezi kumrudishia kwa M-Pesa.

NILICHOMJIBU YULE KIJANA

Je, nilichagua chuo kibaya? Hapana. Ningerudi 2019 ningechagua kile kile. Kilikuwa karibu na nyumbani, vibarua vyangu vilikuwa hapa hapa, na wakati wa shida nilikuwa na pa kulala na sahani ya wali. Wala sisemi kila mtu aanze mwaka wa kwanza. Kumrudisha mtu aliyefanya kazi seva mbili miaka kwenye somo la "hii ni kibodi" ni kumpotezea umri na pesa. Nilichokosea ni swali. Niliuliza "mtaniingiza mwaka wa ngapi?" Nilipaswa kuuliza "mwaka mnaonirusha, nimeusoma kweli?"

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujalipa chochote:

1. Omba mtaala wa mwaka wanaokusamehe, somo kwa somo, uuweke kando ya mtaala wa stashahada yako. Usilinganishe majina, linganisha mada zilizo ndani.

2. Tafuta mitihani ya zamani ya hisabati ya mwaka huo. Kaa nayo saa mbili peke yako, mlango umefungwa. Ukipata nusu au zaidi, ruka kwa amani. Ukitoka mtupu, umejua mapema na hujalipia kitu.

3. Uliza kama wanaweza kukusamehe masomo ya ufundi lakini wakuache ukae na ya hisabati muhula wa kwanza. Kuuliza hakugharimu, na hakuna anayekukataza kuingia na kusikiliza.

4. Masomo uliyosamehewa yaandikwe kwenye barua. Chuo kikikwambia "tutapanga ukifika", wewe usifike.

5. Angalia jina la shahada. Sayansi ya kompyuta si uhandisi wa kompyuta. Kama unataka kusajiliwa kama mhandisi na bodi iliyo chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, hakikisha kwanza bodi inaitambua kozi hiyo. Kama unataka kuandika programu tu kama mimi, hilo lisikukoseshe usingizi. Na kozi yoyote ihakikishe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

6. Piga hesabu ya pesa kwa mwaka mmoja zaidi ya ule walioahidi. Kama hesabu haitoki kwa mwaka huo wa ziada, sema nyumbani mapema, siyo mwisho.

Na la saba halina namba kwa sababu si la chuo. Siku mhadhiri akisema "kama mlivyoona" na wewe hukuona, inua mkono. Utaaibika dakika moja. Mimi nilikwepa dakika hiyo nikailipa kwa mwaka, na baba akalipa kwa mashine.

Kijana ameshanijibu. Alifanya ule mtihani wa saa mbili, akapata swali moja na nusu kati ya matano. Ameamua kwenda kile chuo cha mwaka wa pili, na ameandika barua ya kuomba akae na kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Bado anasubiri jibu. Nimemwambia wakikataa aniandikie, madaftari yale ya kalkulasi nilinakili yote, yako hapa kabatini.

Nisiwachoshe zaidi. Nikijaliwa, mara nyingine nitaendelea na ile habari ya seva niliyoianza na sikuimaliza. Wasalaam.